Jalada Linaloweza Kufika Nyumbani

Jarida la vijana likifika katika shule ya sekondari ya kijijini, halisomwi na mtu mmoja. Hupokewa na mwalimu mlezi, hupita kwa wanachama wa klabu, huazimwa bwenini, hufichwa ndani ya daftari la hisabati, na baada ya wiki kadhaa huibukia jikoni kwa dada wa mwanafunzi aliyeacha masomo, au kijiweni kwa kaka yake anayesubiri abiria wa bodaboda. Katika vijiji vya Izimbya, Wilaya ya Bukoba mkoani Kagera, ambako njia hupita katikati ya migomba na mibuni na gazeti la kila siku halifiki kila mlango, safari hiyo ya nakala moja ndiyo usambazaji wenyewe. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza ambalo msanifu kurasa wa jarida la afya kwa vijana balehe hana budi kujiuliza halihusu uzuri wa jalada. Linahusu jambo la kawaida kabisa: je, msichana wa miaka 16 anaweza kupita nalo sebuleni mbele ya baba yake?

Swali hilo laweza kuonekana dogo kwa mhudumu wa afya aliyezoea kupima machapisho kwa usahihi wa maudhui. Lakini jarida ambalo neno UKIMWI limeandikwa juu yake kwa herufi nyekundu za ukubwa wa kiganja, au lenye picha ya msichana mwenye mimba aliyeinamisha kichwa, humlazimisha aliyelibeba kujieleza. Ataulizwa kwa nini anasoma mambo hayo, na nani amempa, na kama kuna jambo analolificha. Wengi wataliacha darasani. Maelezo yaliyopitiwa na daktari, yakahaririwa na kuchapishwa kwa gharama kubwa, yatabaki humo bila kusomwa, kwa sababu ya uamuzi wa rangi na herufi uliofanywa na mtu ambaye huenda hakuwahi kumfikiria baba wa msichana huyo.

Mkoa wa Kagera una sababu za pekee za kulitafakari jambo hili. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo, katika Hospitali ya Ndolage wilayani Muleba. Ugonjwa ulikuwa haujapata jina rasmi la Kiswahili, nao wananchi wakauita Juliana, kwa kuunasibisha na nguo za jina hilo zilizokuwa zikiletwa kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Utafiti uliofanywa mwaka 1987 na wataalamu wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, ulikuta asilimia 24.2 ya watu wazima wa mji wa Bukoba wakiishi na virusi vya UKIMWI. Kufikia mwaka 1996 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13.3, na upungufu ulijitokeza zaidi miongoni mwa wanawake vijana. Ushukaji huo ulitokana na mambo mengi kwa pamoja, na misiba iliyokuwa ikiingia nyumba hadi nyumba ilikuwa mojawapo ya walimu wake.

Mabango ya zama hizo yalizungumza kwa lugha ya kifo. Mafuvu, mifupa, majeneza na wagonjwa waliokonda hadi kubaki macho matupu vilichorwa kwenye kuta za zahanati na za ofisi za vijiji. Nia ilikuwa njema, na wakati dawa hazijapatikana pengine ilikuwa vigumu kuchora kitu kingine. Lakini picha za namna hiyo ziliacha desturi ambayo imeishi kuliko hali iliyoizaa. Hadi leo msanifu akipewa habari ya virusi vya UKIMWI, mkono wake hukimbilia rangi nyeusi na nyekundu. Kijana aliyezaliwa na virusi, anayemeza dawa zake kila siku na kucheza mpira wa miguu kila Jumamosi, anapokuta habari yake imepambwa kwa fuvu, hajui ikiwa ukurasa huo unamzungumzia yeye au marehemu bibi yake.

Hivyo basi, desturi za usanifu zina uzito wa kitabibu. Zipo zinazomsaidia msomaji kuelewa haraka, na zipo zinazomdhuru kimyakimya. Kazi ya anayetengeneza jarida la vijana ni kuzijua zote, kuzitumia zile zinazosaidia, na kuzipinga zile nyingine kwa sababu anayoweza kuitetea.

Sura tunayoitambua leo kuwa ya jarida la vijana ilikomaa Marekani. Jarida la Seventeen lilitoka mara ya kwanza mwaka 1944, likiwalenga wasichana waliokuwa shuleni, na kwa miongo iliyofuata likaigwa kote duniani. Vipengele vyake vinajulikana na kila mtu: jina kubwa juu, uso mmoja unaomtazama msomaji moja kwa moja, vichwa vya habari pembeni vinavyoahidi siri, kurasa za mavazi, maswali ya kujipima, barua za wasomaji na majibu ya dada au shangazi. Kila kimoja kina kazi yake. Uso unaotazama mbele huita. Maswali ya kujipima humfanya msomaji ashike kalamu. Ukurasa wa barua humhakikishia kwamba hayuko peke yake na aibu yake.

Afrika ya Mashariki haikungoja kufundishwa kusoma kwa picha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa miji na wa vijiji vilivyo karibu na barabara kuu walikuwa wakigombea hadithi za picha za African Film, ambamo mpelelezi Lance Spearman aliwakimbiza wahalifu kutoka ukurasa hadi ukurasa. Nchini, mwandishi Faraji Katalambulla, aliyekwisha kujulikana kwa riwaya ya Simu ya Kifo, alianzisha jarida la Film Tanzania lililosimulia visa vya Kiswahili kwa picha za waigizaji wa hapahapa. Baadaye Sani ikawalea wasomaji wa rika jingine kwa vibonzo vya akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Kwa hiyo babu wa kijana wa leo wa Izimbya huenda anajua vema zaidi kuliko mjukuu wake namna ya kufuata picha kutoka kushoto kwenda kulia, na namna ya kutofautisha kiputo cha maneno yanayosemwa na kile cha mawazo. Utaratibu huo ulikuwapo kabla mradi wowote wa afya haujaufikiria.

Miradi ilipokuja, ile iliyofaulu kupendwa ilikopa desturi hizo bila haya. Nchini Uganda, Straight Talk lilianza mwaka 1993 likiwa gazeti dogo la kurasa nne lililowekwa ndani ya gazeti la New Vision, likijibu kwa uwazi maswali ya vijana kuhusu miili yao na mahusiano. Halikuwa na anasa ya karatasi inayong'aa. Nguvu yake ilikuwa barua za vijana wenyewe na majibu yasiyozunguka mbuyu. Dar es Salaam, mwaka 1999, likaanzishwa jarida la Femina chini ya uongozi wa Minou Fuglesang, mwanaanthropolojia kutoka Sweden ambaye hapo awali alikuwa amewatafiti wasichana wa Lamu na jinsi walivyojifunza mapenzi, mavazi na ndoto za maisha kutokana na filamu za video. Femina, ambalo baadaye liliitwa Fema, lilichukua vazi zima la jarida la kibiashara: rangi, karatasi laini, nyuso changamfu, habari za wanamuziki. Ndani ya vazi hilo likaweka kondomu, mimba za utotoni, upimaji wa virusi na rushwa ya ngono. Nakala zilipelekwa bila malipo katika shule za sekondari nchini kote, na klabu za wanafunzi zikaundwa kulizunguka.

Hapo ndipo jawabu la swali la sebuleni lilipoanza kupatikana. Jalada la namna hiyo hupita nyumbani kwa sababu linafanana na jambo lililozoeleka, yaani burudani. Mzazi aonaye picha ya kijana anayecheka hana la kuuliza, na anayeuliza huweza kuonyeshwa ukurasa wa ujasiriamali. Wapo waliolaumu mtindo huo kwa kusema kwamba unavisha elimu nguo za biashara. Lawama hiyo ina ukweli fulani, lakini mlaumu angepaswa kwanza kueleza ni kwa vazi gani lingine habari za kondomu zingeingia katika nyumba ya katekista.

Ilidhihirika upesi, hata hivyo, kwamba vazi la mjini halimtoshi kila mtu. Mwaka 2003 watengenezaji hao hao walitoa jarida la pili, Si Mchezo!, kwa ajili ya vijana wa vijijini walio nje ya shule, wakianzia mikoa ya Lindi na Mtwara. Lilitumia picha nyingi zaidi na maneno machache zaidi, na hadithi za picha zikarudi mahali pake pa heshima. Watu walioonekana humo walikuwa na nyumba, mashamba na baiskeli kama za wasomaji. Hilo lilikuwa pingamizi kubwa dhidi ya desturi ya majarida, ambayo husema kwamba msomaji hununua ndoto ya maisha asiyo nayo. Nchini Kenya, Shujaaz lilianza mwaka 2010 kwa njia nyingine tena: vibonzo vya Sheng, vikigawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwa mawakala wa simu, vikisimuliwa na DJ Boyie, kijana asiye na ajira anayerusha redio ya siri kutoka chumbani mwake. Jarida hilo lilifika pia Tanzania, ambako msimulizi wake ni DJ Tee.

Wembamba, weupe na maana zake

Miongoni mwa desturi zote za jarida la vijana, inayostahili kupingwa kwa ukali zaidi ni ile ya mwili uliosahihishwa. Mwaka 2012 msichana wa miaka 14 kutoka jimbo la Maine, Julia Bluhm, aliandika ombi kwa wahariri wa Seventeen akiwataka wachapishe walau picha chache zisizofanyiwa ukarabati kwa kompyuta. Saini zaidi ya 80,000 zilikusanywa, na jarida likaahidi hadharani kutobadili maumbo ya miili wala nyuso za wasichana. Kisa hicho huelezwa sana katika mafunzo ya uandishi, lakini kikihamishiwa Kagera kinapata sura nyingine.

Katika mkoa ambao kwa miaka mingi kukonda kulikuwa dalili ya kwanza iliyonong'onwa msibani, na jirani na nchi ambako ugonjwa huohuo ulipewa jina linalomaanisha wembamba, msichana mwembamba kwenye jalada hasomwi kama anavyosomwa New York. Mama wa makamo anaweza kumwona mgonjwa. Binti yake, aliyekulia katika picha za simu, anaweza kuona uzuri anaopaswa kuufikia kwa kuacha kula. Picha moja inazaa hofu mbili katika nyumba moja. Wahudumu wa kliniki za tiba na matunzo wanafahamu upande mwingine wa jambo hilo, kwamba kijana anayetumia dawa za kufubaza virusi akipungua uzito kidogo tu, huulizwa maswali na majirani kabla hajaulizwa na muuguzi.

Weupe nao ni hivyo hivyo. Msanifu anapoongeza mwanga kwenye picha ya uso ili ipendeze kwenye karatasi, mara nyingi huipunguzia ngozi rangi yake bila hata kukusudia. Jarida likatoka na jalada la msichana aliyepaushwa, na ukurasa wa ndani unaoonya dhidi ya mkorogo. Mwenye kupaka mkorogo huona jalada kwanza. Madhara ya zebaki na haidrokwinoni, viambata vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini, hayahitaji kurudiwa hapa kwa wasomaji wa fani ya afya: figo huathirika, na ngozi hukonda na kuingia madoa yasiyotoka. Lakini si kazi ya daktari wa ngozi peke yake kulizuia jambo hili. Ni kazi ya anayekaa mbele ya kompyuta usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kurasa kiwandani.

Lipo pia suala la uso wa nani unaoazimwa. Hadithi za picha huhitaji waigizaji, na kijana wa kijijini anayekubali kupigwa picha akiigiza mwathirika wa virusi au msichana aliyetoa mimba anaweza kuishi na uigizaji huo miaka mingi. Wasomaji wa jarida kwa kawaida hawapambanui picha ya habari na picha ya mchezo, hasa zote zikiwa zimechapishwa kwa karatasi moja na rangi moja. Ridhaa anayotoa kijana wa miaka 17 kwa furaha ya kuonekana jaridani si ridhaa kamili mpaka ameelezwa kwamba nakala zitafika kwa wakwe zake wa kesho. Kwa visa vizito, mchoro ni salama kuliko picha. Mchoro hauna shangazi Muleba wa kuutambua.

Taa, herufi na neno la mtaani

Mengine ni ya ufundi mtupu, lakini ndiyo huamua nani asome. Maandishi meupe juu ya picha nyeusi hupendeza kwenye skrini ya mhariri. Yakisomwa usiku kwa taa ndogo ya sola au koroboi, herufi huungana na kuwa ukungu, na karatasi inayong'aa huurudisha mwanga machoni. Aya nzima iliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu huchosha. Mistari mirefu inayovuka ukurasa mzima humpoteza msomaji asiye na mazoea. Safu mbili nyembamba, pambizo pana na kichwa kidogo kila baada ya aya chache ni desturi za zamani ambazo hakuna sababu ya kuzipinga.

Picha za kitabibu zina hatari yake. Mchoro wa mfuko wa uzazi ukielea peke yake ukurasani, bila mwili unaouzunguka, ni lugha ya vitabu vya wauguzi. Kwa aliye nje ya fani waweza kuwa kichwa cha ng'ombe. Walimu wa elimu ya afya husimulia kila mahali kisa cha wanakijiji walioonyeshwa picha ya mbu aliyekuzwa kwa ukubwa wa kuku, wakasema wanashukuru kwamba kwao hakuna mbu wa namna hiyo. Iwe kilitokea au la, kisa hicho kinabeba ukweli wa kazi: kukuza kitu ni desturi inayopaswa kufundishwa kabla ya kutumiwa, kwa mfano kwa kuchora kwanza mkono, kisha mbu juu ya mkono, ndipo mbu peke yake. Alama ya mkato juu ya tendo baya nayo haieleweki kila mara. Kijana anaweza kukumbuka tendo na kusahau mkato.

Na lugha? Vijana wa Izimbya husoma kwa Kiswahili na wengi wao nyumbani huzungumza Kihaya. Viungo vya uzazi na mambo ya hedhi wanayajua kwa maneno ya nyumbani ambayo hayaandikwi, na kwa maneno ya darasa la biolojia ambayo hayasemwi. Jarida hulazimika kutafuta njia ya katikati. Watengenezaji wengi hukimbilia misimu ya Dar es Salaam, wakidhani ndiyo lugha ya ujana. Zamani mtu aliyeambukizwa virusi alisemwa kuwa amekanyaga miwaya. Msemo huo ulikuwa mpya, ukachekesha, kisha ukaumiza, na sasa kijana wa miaka 15 akiukuta katika nakala ya zamani anaweza kudhani ni ajali ya umeme. Misimu huchakaa kabla ya karatasi. Shujaaz limeweza kuitumia kwa sababu hutoka mara kwa mara na hubadilika pamoja na mtaa. Jarida litakalokaa miaka kumi katika maktaba ya shule halina uwezo huo, na Kiswahili sanifu chepesi hulitunza zaidi.

Uchakavu wa maneno ni jambo dogo ukilinganishwa na uchakavu wa maarifa, na hapa pana kasoro ambayo desturi ya majarida imeificha. Jarida la mitindo hutarajiwa kutupwa mwezi ukiisha. La kijijini halitupwi. Nakala iliyochapishwa mwaka 2015 bado husomwa, na ndani yake mgonjwa anaambiwa asubiri hadi kinga yake ishuke ndipo aanzishiwe dawa, ilhali tangu mwaka 2016 utaratibu wa nchi ni kuanza tiba mara mtu anapothibitika kuwa na virusi, bila kungoja. Nakala ya kabla ya mwisho wa mwaka 2019 humwambia kijana wa miaka 16 kwamba hawezi kupima bila mzazi, ilhali sheria ilirekebishwa na umri wa kuridhia kipimo mwenyewe ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Nakala ya mwaka 2018, chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchini kote kwa wasichana wa miaka 14, hutaja dozi mbili. Tangu mwaka 2024 ni dozi moja, na mwaka huo ilitolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Na ile ya zamani zaidi haitamwambia kwamba mtu anayetumia dawa vizuri hadi virusi vyake visigundulike kwenye kipimo hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Kwa kijana anayeishi na virusi, hiyo huenda ndiyo sentensi muhimu kuliko zote zilizochapishwa.

Tarehe ya toleo, kwa desturi, huwekwa jaladani kwa herufi ndogo, na jalada ndilo la kwanza kuchanika. Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu: mwaka wa kuchapishwa uwekwe chini ya kila ukurasa wenye maelezo ya tiba, kwa ukubwa unaosomeka. Mhudumu wa afya anayetembelea shule anaweza kupitia rafu ya maktaba akiwa na kalamu na kuandika marekebisho pambizoni. Baadhi ya walimu watashtuka kuona kitabu kikiandikwa, lakini watazoea.

Kurasa nne za Izimbya

Utafiti mkubwa uliofanywa ng'ambo ya ziwa, mkoani Mwanza, kupitia mradi wa MEMA kwa Vijana, ulilinganisha maeneo 20, nusu yake yakipewa elimu ya afya ya uzazi shuleni pamoja na huduma rafiki kwa vijana. Maarifa ya vijana yaliongezeka, na miaka kadhaa baadaye yalikuwa bado yamebaki. Maambukizi ya virusi, hata hivyo, hayakuonyesha kupungua kutokana na mradi huo. Matokeo hayo yanapaswa kumtuliza yeyote anayetarajia makubwa kutoka kwa jarida. Msichana anaweza kujua kila kitu kuhusu kondomu na bado asiwe na sauti mbele ya mwanamume anayemlipia daftari. Ukurasa mzuri haumpi sauti hiyo. Unachoweza kufanya ni kumwonyesha mlango wa karibu: kituo kipi, siku ipi, saa ngapi, aulizie huduma gani, na kwamba namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Majarida ya kitaifa hayawezi kuandika habari hizo, kwa kuwa kila kata ina zahanati yake na siku zake. Hapo ndipo muuguzi na mwalimu wa Izimbya wanapoweza kufanya ambacho Dar es Salaam haiwezi. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kiasi kilekile cha kurasa ambacho Straight Talk lilianzia, ingawa hizi ni ndogo zaidi. Rangi moja nyeusi inatosha, na mashine ya kudurufu ya shule hupenda mistari minene kuliko picha za kamera. Jalada libebe jambo lisilo na lawama, kwa mfano msimu wa senene au timu ya shule. Ukurasa wa pili na wa tatu vifunguke pamoja kwa kisa kimoja cha vibonzo kilichochorwa na wanafunzi. Wa nne uwe wa maswali yaliyodondoshwa katika sanduku lenye kufuli, yakijibiwa na muuguzi kwa jina la kazi yake, na chini kabisa ziwekwe saa za kituo.

Katika ukurasa huo wa maswali ndimo desturi ya shangazi inapofaa kupindishwa kidogo. Shangazi wa majaridani hujua yote na huhukumu kwa upole. Kijana anayeuliza kama msichana anaweza kushika mimba mara ya kwanza anahitaji jibu kabla ya nasaha: ndiyo, anaweza. Likishakuwa limesemwa katika mstari wa kwanza, mengine yafuate. Barua nyingi hupoteza msomaji kwa kuanza na umuhimu wa maadili na kumalizia na jibu, na huenda mstari wa mwisho ukawa umekatwa na mashine ya kudurufu.

Kabla ya kudurufu nakala zote, karatasi moja wapewe vijana watatu wasioshiriki kuitengeneza, kila mmoja peke yake, na aulizwe anaona nini, si kama ameipenda. Heshima kwa wakubwa itawafanya waseme wameipenda. Akieleza kisa kwa mpangilio ambao haukukusudiwa, kisa kichorwe upya.

Baada ya muhula mmoja zitazamwe nakala zilizorudi. Iliyo safi haikusomwa. Iliyokunjwa mara nne iliingia mfukoni au ndani ya soksi. Na ikiwa ukurasa mmoja umenyofolewa kwa uangalifu, kwa rula, katika nakala tatu au nne, msanifu aangalie ni upi, kisha muuguzi atazame daftari la mahudhurio la kituo chake kwa wiki zile, safu ya umri.